Muulize Fundi: Injini ya dizeli imeanza kugonga ghafla

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Hilux ya zamani, injini 3L, nabebea ndizi kutoka Marangu kwenda sokoni Arusha. Wiki iliyopita nilijaza mafuta jioni, gari ikiwa nzima kabisa. Asubuhi nilipowasha, injini ikaanza kugonga, kak-kak-kak, kwa nguvu mpaka majirani wakatoka nje. Taa ya oili haiwaki. Nguvu imepungua na nikipanda mlima inatoa moshi mweusi. Fundi wa kwanza alisikiliza akiwa amesimama mbele ya gari, akasema injini imenoki, yaani imekufa ndani, nitafute milioni mbili na nusu ya ovahoo, kuifumua na kuijenga upya. Wa pili anasema ni tapeti, vile vyuma vidogo vinavyosukuma valvu. Nimeiegesha nyumbani. Nifanye nini kabla sijaingia kwenye mkopo?
Msomaji, Marangu Mtoni

JIBU: Salama ndugu yangu, na pole kwa biashara kusimama. Kwa kuiegesha gari umejipa nafasi ya kulijua tatizo kwa gharama ndogo. Usikubali mtu afungue silinda hedi kwa kusikiliza tu, hata kama mtu huyo ni mimi. Inaniuma kuona mtu anakopa mamilioni kufanya ovahoo ya injini iliyokuwa inahitaji nozeli moja. Na inaniuma zaidi kumwona aliyeambiwa "ni nozeli tu, endelea na safari", akaendelea mpaka konrodi, ule mkono wa pistoni, ikatoboa bloku njiani. Kwa hiyo tupime, wewe mwenyewe hapo nyumbani, kwa utaratibu.

Kwanza elewa kwa nini dizeli inadanganya masikio. Injini yako haina plagi za cheche. Pistoni inaibana hewa zaidi ya mara 20, hewa inapata moto mkali, ndipo nozeli inapuliza mafuta na yanawaka yenyewe. Kati ya kupulizwa na kuwaka kuna muda mfupi mno. Nozeli nzima inapuliza ukungu mwembamba unaowaka kwa mpangilio. Nozeli inayodondosha, au ambayo sindano yake imenasa kwa uchafu, inaacha mafuta yarundikane kisha yalipuke kwa mkupuo. Mlipuko huo unakipiga kichwa cha pistoni, na ukiwa umesimama mbele ya gari huwezi kuutofautisha na beringi iliyokwisha. Hakuna fundi mwenye sikio hilo.

Kabla hujagusa spana, kumbuka mara ya mwisho ulivyoshuka kutoka Marangu kwenda Himo. Gia imeingia, mguu umeuondoa kwenye mafuta, gari inajivuta yenyewe na mteremko. Je, mlio ulikatika? Katika hali hiyo pampu haipeleki mafuta, hakuna kinachowaka ndani ya silinda. Mlio wa mafuta na nozeli hukatika palepale na kurudi ukikanyaga. Mlio unaoendelea hata pasipo mafuta ni wa chuma: beringi, pini ya pistoni, puli, au kitu kilichofungwa nje ya injini. Ila kunyamaza peke yake hakutoshi kuiondolea lawama kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, maana beringi mbovu nayo hupunguza kelele mzigo ukiondoka. Liweke akilini tu, twende kwenye oili.

Tafuta mahali tambarare, najua kwenu huko si kila uwanja unafaa, na subiri injini ipoe. Chomoa stiki ya oili. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si ugonjwa, huwa nyeusi mapema kwa sababu ya masizi. Angalia kimo. Kama imepungua chini ya alama ya mwisho, usiwashe tena mpaka ujue imekwenda wapi. Kama imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, mafuta yanaingia chini na oili imekuwa nyepesi, hapo pia usiwashe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji. Kisha dondosha tone kwenye kiganja, lisugue kwa kidole juani na uligeuzegeuze. Chembe zinazometameta ndizo zinazonipa mimi hofu. Ukiziona, mwaga oili kidogo kwenye beseni jeupe, pitisha sumaku: zinazonaswa ni chuma, zisizonaswa, laini, zenye rangi ya fedha, mara nyingi ni ngozi ya beringi. Ukitaka uhakika, fungua oili filta na uipasue kwa mkasi wa bati. Usitumie msumeno, utaingiza vipande vyake na kujitisha bure.

Kuhusu taa ya oili: kutowaka kwake hakumalizi jambo. Taa ile huwaka presha ikiwa karibu kuisha kabisa. Na hakikisha balbu yake ni nzima. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini lazima iwake, ikiwa haiwaki basi hujui lolote kuhusu presha yako.

Oili ikiwa safi na imefika, washa. Chukua bisibisi ndefu, weka mpini sikioni na ncha kwenye chuma, mbali na belti na feni, na usiwe umevaa shati la mikono mirefu inayopepea. Gusa kava la juu la valvu, gusa pampu ya dizeli, gusa ubavu wa bloku karibu na kila silinda, gusa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Tapeti hulia kwa wepesi, juu, mlio mmoja kwa kila mizunguko miwili ya kranki. Haziji usiku mmoja, hazipunguzi nguvu namna hiyo, hazitoi moshi mweusi. Kwa hiyo fundi wako wa pili simwungi mkono.

Usisahau vitu vya nje. Toa feni belti zote, washa injini isizidi dakika moja. Mlio ukipotea, shida iko kwenye oltaneta, wota pampu au feni. Lakini usiiendeshe gari hivyo. Kwenye injini yako pampu ya vakyumu ya breki iko nyuma ya oltaneta, na bila belti breki zitakuwa ngumu. Kanyaga klachi pia, mlio ukibadilika, tafuta kwenye klachi na giaboksi. Na umulike puli ya kranki kwa kurunzi.

Nasisitiza puli kwa sababu ya Hiace moja ya injini 5L iliyoletwa gereji kwetu Unga Limited ikivutwa kutoka Usa River. Iligonga kwa sauti nzito ya chini, na mwenye gari alikuwa ameshaambiwa kranki imekwisha. Nilipomulika, kuzunguka ile bolti kubwa ya katikati kulikuwa na vumbi jekundu la kutu, laini, tena jipya, limetapakaa hadi kwenye kava la taiming. Nikaishika puli kwa mikono miwili, nikaizungusha kidogo kushoto na kulia. Ikacheza, kranki yenyewe imetulia. Bolti ilikuwa imelegea na kile kipande cha chuma kinachoishikilia puli kimelika upande mmoja. Vumbi jekundu ni dalili ya vyuma viwili vinavyosuguana pasipo oili. Ukiliona mahali popote kwenye injini, hapo simama utazame vizuri.

Sasa mafuta, ambayo kwa habari uliyoleta ndiyo ninayoyashuku kwanza. Umejaza jioni, asubuhi gari imebadilika, na usiku kucha tanki limetulia. Maji ni mazito kuliko dizeli, hushuka chini, karibu na bomba linalonyonya. Chini ya filta ya dizeli kuna skrubu ya kutolea maji. Ilegeze, pampu kwa mkono kile kitufe cha juu, kinga kwenye chupa angavu na uiache itulie. Ukiona mstari, chini maji na juu dizeli, umepata jibu, au sehemu yake. Matope na chembe za kutu nazo zitaonekana. Mafuta ya taa hayatajitenga, kwa hiyo chupa haitakuonyesha uchakachuaji huo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianzisha uwekaji wa vinasaba, yaani alama maalumu za utambuzi, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huo, na kwa kuangalia kwa macho wewe huwezi kuubaini. Njia yako ni hii: chukua dumu safi lenye lita 5 za dizeli kutoka kituo kingine, badilisha filta, kisha bomba la kunyonya na bomba la kurudishia yote mawili uyaingize kwenye dumu. Pampu kwa mkono mpaka hewa iishe, washa, acha ingurume mpaka mafuta ya zamani yaishe kwenye pampu. Mlio ukitulia, safisha tanki na umshukuru Mungu.

Usipotulia, tunaingia kwenye kipimo ninachokiamini kuliko vyote kwa injini za pampu ya kizamani kama yako. Vaa miwani. Osha kwanza sehemu ya juu ya injini kwa brashi, maana chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye bomba la nozeli umenunua tatizo jipya. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, funika nati ya bomba la nozeli ya kwanza kwa kitambaa, ilegeze kwa spana namba 17 kiasi cha nusu mzunguko mpaka mafuta yavuje. Silinda hiyo itaacha kuwaka na injini itatetemeka. Sikiliza. Kaza, nenda ya pili, kisha ya tatu na ya nne. Silinda ambayo ukiilegeza mlio unakatika, ndiyo yenye shida. Silinda ambayo ukiilegeza injini haibadiliki hata kidogo, hiyo ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo. Na kama kila ukilegeza mlio unapungua kidogo tu, basi zote nne zinagonga. Hapo rudi kwenye mafuta, au tafuta hewa kwenye mabomba, au taiming ya pampu, yaani wakati wake wa kupeleka mafuta. Je, mkanda wa taiming ulibadilishwa lini? Kwa injini yako ni kama kila kilomita 100,000, na ikiwa unahisi umeruka jino, usipige stata hata mara moja, valvu zitakutana na pistoni.

Hapa nisimame kwa ajili ya usalama wako. Mafuta yanayotoka kwenye bomba lile yana presha ya zaidi ya bar 100. Usiweke kidole kuzuia wala kupapasa yanapovuja, na kitambaa kiwe kinene. Dizeli ikipenya ngozini huacha tundu dogo lisilouma sana, na ndani nyama inaharibika. Ikitokea, nenda hospitali ya KCMC siku hiyohiyo, ueleze kwamba ni mafuta ya presha, usisubiri kuvimba. Na mafuta yaliyomwagika yafute kabla hayajafika kwenye ekzosi ya moto.

Tuseme silinda ya tatu ndiyo iliyonyamaza. Wengi huishia hapa na kutangaza "nozeli ya tatu". Bado. Ukiikata silinda mafuta umeondoa pia mzigo kwenye pistoni na beringi yake, kwa hiyo hata beringi mbovu ingenyamaza. Tenganisha hivi: zima, acha ipoe, toa nozeli ya tatu na ya pili kwa boksi ndefu namba 27, zibadilishane nafasi. Nunua washa mpya za kopa, yaani pete za shaba zinazokaa chini ya nozeli, zile kuukuu zitavujisha. Futa hewa, washa injini, rudia kulegeza. Mlio ukihamia silinda ya pili, umeifuata nozeli, na injini yako ni nzima. Mlio ukibaki silinda ya tatu, uko ndani.

Ukihamia, peleka nozeli zote nne kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, na usimame pale uangalie. Geji ionyeshe zote zinafunguka kwa presha zinazokaribiana, mafuta yatoke kama ukungu na si michirizi, na presha ikishikiliwa chini kidogo ya ile ya kufungukia kwa sekunde 10, ncha isidondoshe tone. Mimi kwa nozeli moja mbovu hupima zote, ila sibadilishi zilizo nzima ili bei ipande.

Mlio ukibaki ndani, usianze na silinda hedi. Pima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, kwanza, kisha fungua sampu na kifuniko cha konrodi ya silinda hiyo, uione beringi kwa macho. Hapo ndipo neno ovahoo linapata haki ya kutajwa, na wewe utakuwa umelishika ushahidi mkononi. Kwa dalili zako, mlio wa ghafla, moshi mweusi, nguvu kupungua na mafuta mapya, naona nozeli moja imenasa kwa uchafu au maji. Niandikie ulichokikuta.

SWALI: Shikamoo fundi. Land Cruiser ya mzee wangu, injini 1HZ, mwezi huu wa Julai asubuhi inagonga sana, ikipata moto inatulia. Ni ugonjwa?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba. Kwa baridi ya Arusha ya Juni hadi Agosti, kiasi fulani ni kawaida. Chuma kikiwa baridi mafuta yanachelewa kuwaka, na mlio unakuwa mkali. Tena pampu ya injini hiyo ina kifaa chenye nta ndani yake. Kikiwa baridi kinawahisha mafuta na kuongeza mzunguko kidogo, maji ya injini yakipata moto nta inatanuka na kukirudisha. Ikiwa mlio unatulia baada ya dakika chache, mwambie mzee asiwe na wasiwasi, ila asikanyage mafuta kwa fujo akiwasha. Ukiona injini imeshapata moto na bado inagonga kama asubuhi, gusa vibomba vidogo vya maji vinavyoingia kwenye pampu. Vikiwa baridi, vimeziba, na kifaa hakijui kwamba kumekucha. Pia chungulia kwenye manifoldi ya ekzosi. Gasketi iliyotoboka hulia tik-tik asubuhi na kunyamaza chuma kikitanuka, na huacha alama nyeusi ya masizi pale inapovujia.

SWALI: Kaka fundi, nina Hilux ya injini 1KD, imeanza kugonga. Kijana wa gereji anataka kulegeza mabomba ya nozeli injini ikiwaka. Nimruhusu?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Hapana, dada yangu, mzuie sasa hivi. Niliyomweleza msomaji wa Marangu ni ya pampu ya kizamani peke yake. Gari yako ni komoni reli, yaani nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa, mafuta yamo humo kwa presha inayoweza kuzidi bar 1,000 na yanaweza kumkata mtu. Injini hiyo hupimwa kwa mashine ya kompyuta: isome marekebisho ya kila nozeli, ile inayoachana sana na wenzake ndiyo ya kushukiwa, na kwa mashine hiyohiyo silinda inaweza kuzimwa moja moja bila kulegeza kitu.

Kisha kuna jambo la 1KD ambalo ningependa kila mwenye nayo alijue. Washa za kopa chini ya nozeli zikivuja, moshi wa mwako unaingia chini ya kava la valvu na kuchanganyika na oili. Masizi yanaganda, yanashuka, yanaziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu. Gari inaanza na mlio mdogo wa nozeli, na inaishia kwa kukosa oili kwenye kranki. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa sailensa. Ikiwa inapuliza kwa mapigo, na chini ya kifuniko kuna ukoko mweusi mgumu, usiridhike na kubadilisha washa. Sampu ifunguliwe, chujio lioshwe. Kazi ya siku moja, na mara nyingi ndiyo inayookoa injini.

SWALI: Fundi, nimeambiwa nikiweka oili nzito zaidi mlio wa chini utaisha, na kuna dawa ya kopo inauzwa. Ni kweli?
Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Mlio unaweza kupungua kwa muda, nafasi iliyolika kwenye beringi itabaki ileile. Na asubuhi oili nzito inachelewa kufika juu, kwa hiyo unaongeza kusaga. Fedha ya kopo hilo mpe fundi achomoe swichi ya presha ya oili na kufunga geji mahali pake, injini ikiwa imepata moto. Kwa injini nyingi za dizeli za Toyota, kwenye mzunguko wa 3,000 kwa dakika, presha isiwe chini ya takriban bar 2.5. Ikiwa chini ya hapo, usiitoe gari nyumbani, aje afungulie sampu hapohapo.